Daftari Libaki Kisumu

Kisumu ni mji uliopimwa sana. Kuanzia mwaka 2002, wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waliandikishwa hapa katika utafiti wa kujua kama tohara inapunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 kwenye jarida la The Lancet, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo lake kuhusu tohara kwa nchi kama zetu. Mwaka 2015 ukaanza utafiti mwingine, Anza Mapema, ulioandikisha zaidi ya wanaume 700 wa Kisumu wanaolala na wanaume wenzao. Walipimwa, wakahojiwa, na waliohitaji dawa wakapewa.

Sina ugomvi na tafiti hizo. Kuna watu ninaowapenda ambao wako hai leo kwa sababu mtu fulani alikubali kuwapima bila kuwatukana. Lakini hebu tuulize swali ambalo halikuwa kwenye fomu: baada ya kupimwa kote huko, Kisumu ilibaki na nini? Nambari zilisafiri, zikasomwa na watu wenye shahada. Wenye nambari walirudi Nyalenda na Obunga, na siku ile mmoja wao alipotaka kujua watu kama yeye waliishije hapa miaka ishirini iliyopita, hakukuwa na mlango wa kubisha.

Na hao angalau walihesabiwa. Sisi wanawake tunaopenda wanawake je? Mipango ya Ukimwi nchini huwatazama kwanza wanaouza ngono, wanaume wanaolala na wanaume, wanaojidunga dawa za kulevya, na siku hizi watu transi. Sisi hatukuwa na virusi vya kutosha kumvutia mfadhili. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nimechoka kutokuwepo.

Hoja yangu ni hii. Kumbukumbu za watu kuchu na za wanawake wa mwambao huu zibaki huku, mikononi mwa walioziishi, na msomaji wake wa kwanza awe mtu wa huku. Mfadhili, mtafiti, wakili na jaji wanaweza kuja baadaye, wakibisha hodi kama wageni wengine.

Natumia neno kuchu kama walivyolitumia wenzetu wa Kampala kabla yetu, manake kila neno lingine la Kiswahili nililopewa nililisikia kwanza kama tusi. Na ninaposema makavazi, usifikirie lile jumba la Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambapo watu hupangiana kukutana kabla ya kupanda matatu na wengi hawajawahi kuingia ndani. Fikiria sanduku la bati, lile la shule ya bweni. Langu liko katika nyumba ya kupanga, mtaa ambao sitautaja. Ndani yake mna madaftari manne ya chama cha akina mama na akina dada ambao hawakuwa na mahali pengine pa kukaa Jumapili jioni. Mna programu za matanga, fulana za maandamano, leso, picha za karatasi, flashi tatu na simu mbili zisizowaka ambazo hakuna anayetaka zitupwe kwa sababu mna sauti za watu ndani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia pesa, lakini sisi tumepoteza zaidi ya pesa.

Wacha nianze na wanaosema hakuna kilichopotea kwa sababu hakuna kilichowahi kuwepo. Ati haya mambo yaliletwa. Utayasikia kanisani, utayasikia redioni, utayasikia kwenye tuktuk kati ya Kondele na mjini. Mwaka 2023 mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, mtu wa mwambao huuhuu, aliandaa Muswada wa Ulinzi wa Familia ili adhabu dhidi yetu ziongezwe. Familia gani inayolindwa? Kwa jibu, tembelea Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mna Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kuna nyumba za wake watatu, kuna nyumba ya mwana wa kwanza, kuna mifugo na mimea. Mwenye boma ni mwanaume wa kubuni.

Boma lenyewe nalipenda. Nilipelekwa pale na shule nikiwa mdogo na nikajifunza kwa nini nyumba ya mke wa kwanza hukaa pale inapokaa. Lakini fikiria kidogo. Mwanaume ambaye hakuwahi kuzaliwa ametengewa nyumba na ng'ombe ili watoto wamjue. Sisi tuliozaliwa pale Russia, hospitali kuu ya mji huu, tukabatizwa, tukalipa karo, tukazika wazazi wetu, hatuna hata rafu. Halafu tunaambiwa hatumo kwenye historia.

Kilicholetwa tunakijua, manake tarehe zake ziko. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotishia kifungo cha miaka 14 na miaka mitano, viliandikwa na Waingereza. Na familia ya Kiafrika haikuwahi kuwa na umbo moja. Ukisimama Kisumu ukatazama kaskazini mashariki utaona milima ya Nandi. Kule, mwanamke asiye na mwana wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake, akamlipia mahari, na watoto wakawa wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa hivyo kuwa na haki ya kurithi. Sisemi wanawake hao walikuwa wapenzi. Ndoa ile ilikuwa ya kutafuta mrithi, na kuigeuza kuwa kitu kingine ili itufae sisi ni wizi. Ninachosema ni kwamba ukifungua daftari vizuri, yule mtetezi wa familia moja ya asili atakuwa wa kwanza kuomba lifungwe.

Mwambao huu pia unajua kuliko sehemu nyingi kwamba anayeandika habari za marehemu ndiye anayemmiliki. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwao nyumbani karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa bila kuzikwa zaidi ya siku 150 huku mawakili wakibishana Mjaluo ni nani na mke ni nani. Mei 1987 ukoo ulishinda. Wambui alishindwa kesi, lakini hakukubali wengine wawe ndio waandishi wa mwisho wa maisha yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998, kwa jina lake na kwa maneno yake.

Sasa, kama mke wa ndoa ya cheti, mwenye watoto na wakili na magazeti yote ya nchi nje ya mlango, aliondolewa kwenye kaburi la mumewe, mpenzi asiye na cheti ana nini? Ninazo programu saba za matanga ya wenzetu. Katika sita, aliyeishi na marehemu hatajwi kabisa. Katika ya saba ametajwa kama rafiki wa familia, na kwenye picha ya ukurasa wa mbele amekatwa, ila mkono wake umebaki begani mwa marehemu. Familia haikuuona. Sisi tuliuona. Ndiyo maana programu ile iko kwenye sanduku.

Daftari la serikali nalo tunalijua. Eric Gitari alikwenda mahakamani mwaka 2013 kwa sababu bodi ya kusajili mashirika ilikataa jina la shirika lenye maneno ya mashoga na wasagaji. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, na Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ikampa haki kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Kaluma akaomba uamuzi huo uangaliwe upya, na Septemba mwaka huo ombi lake likatupwa. Yaani karibu miaka kumi ya kesi, kupigania ruhusa ya kuandika jina kwenye sajili. Wanaotudharau wanajua thamani ya kuandikwa. Mbona sisi hatuijui?

Wanawake wa hapa waliijua. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya. Asenath Bole Odaga alikusanya fasihi simulizi, akaandika kwa Dholuo na Kiingereza, na badala ya kungoja wachapishaji wa Nairobi akafungua kampuni yake ya uchapishaji hapahapa Kisumu, Lake Publishers. Hakuna aliyempa ruhusa. Aliona kwamba hadithi za nyanya zetu zitakufa na nyanya zetu, akanunua karatasi.

Halafu kuna wanawake wa Nduru. Msomaji wa ziwani haitaji kuambiwa jaboya ni nini, lakini kwa wengine: ni ule mtindo wa mvuvi kumuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Nduru, kaunti ya Kisumu, wanawake walipata mitumbwi yao wenyewe ili mvuvi awe mwajiriwa wao badala ya kuwa bwana wao. Waliipa harakati hiyo jina lisilo na aibu, kwamba hakuna ngono kwa samaki. Mwaka 2019 redio ya umma ya Marekani, NPR, ikaandika habari zao na kuwapiga picha nzuri sana. Mwaka 2020 ziwa likafura, likavuka kiwango cha mwaka 1964, na ufuo wao ukamezwa na maji.

Kwa hiyo leo mjukuu wa mmoja wa wanawake hao, akitaka kumwona bibi yake amesimama kwenye mtumbwi wake, atafute bando, aandike kwa Kiingereza, aingie tovuti ya Washington. Siwalaumu waandishi waliokuja. Walifanya kazi yao na waliifanya kwa heshima. Nalaumu mpangilio unaofanya picha ya mama ipatikane kila mahali duniani isipokuwa pale alipopigwa. Na kama hilo linawapata wanawake ambao kijiji chao kinawajua mchana, sisi wa kujificha tutegemee nini?

Sasa nigeukie nyumbani, kwa marafiki zetu, na hapa najua nitanuniwa. Tuna mashirika. Muungano wa Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, NYARWEK, una makao yake Kisumu, na kuna vikundi vingi vidogo vya wanawake, vya watu transi, vya vijana. Vimeokoa watu kutoka seli na kutoka vitandani. Lakini kuna tabia imeingia katika sekta hii nzima, na lazima mtu aiseme.

Mwaka mmoja walikuja wageni wa shirika fulani, jina haliongezi kitu. Walituketisha hotelini, tukapewa chai, soda na nauli, tukasimulia siku mbili. Tulitia sahihi fomu. Miezi ikapita, ripoti ikatoka na picha ya ziwa wakati wa machweo kwenye jalada. Mimi nilikuwa Mhojiwa wa 14, Kisumu. Nilikuwa nimezungumza karibu saa nzima. Kilichoingia ni mistari mitatu kuhusu usiku niliopigwa. Jinsi tulivyoanza chama, jinsi mwenye nyumba wetu, mzee wa kanisa, alivyowaambia vijana wenye mawe kwamba hapa hakuna watu kama hao na kesho yake akatupandishia kodi, jinsi tulivyocheka miaka mingi kwa sababu ya ile kodi, hayo yote hayakuwa na kisanduku kwenye fomu. Nikaomba nakala ya sauti yangu. Nikaambiwa iko kwenye seva, na aliyekuwa anahusika ameacha kazi.

Sauti yangu. Kwenye seva. Ameacha kazi.

Ripoti ina kazi yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa huko Mombasa ilisema ni kinyume cha sheria kuwalazimisha watu vipimo vya sehemu ya haja kubwa ili kuthibitisha wamelala na nani, na kesi ile haingeshinda bila watu waliotunza ushahidi, tarehe kwa tarehe. Kwa hiyo tuandike nambari za OB, tuandike majina ya vituo. Lakini ukikusanya vidonda peke yake kwa miaka kumi na tano, unabaki na hifadhi ya vidonda, na kijana atakayeisoma atadhani hivyo ndivyo tulivyokuwa: watu wa kupigwa, mmoja baada ya mwingine, tangu 162 hadi kaburini. Hata adui angeandika hivyohivyo.

Ndiyo maana nataka kusema juu ya wanaotumia sanduku hili, kwa sababu katika mikutano yote ya makavazi niliyokaa, watu huongea juu ya kuhifadhi na hawaongei juu ya kusoma.

Kijana wa chuo kutoka Manyatta alikuja na swali moja. Hakutaka historia, hakutaka sheria. Aliuliza, "Auntie, kuna mtu wetu amewahi kuzeeka?" Nilimwonyesha picha ya wanawake wawili wenye mvi wakianika omena, kila mmoja akimlalamikia mwenzake kwa mkono. Aliitazama muda mrefu. Hakuna ripoti niliyowahi kusoma ambayo ingemjibu.

Alikuja msaidizi wa kisheria aliyetafuta tarehe. Mteja wake alifukuzwa nyumbani miaka mingi nyuma na upande wa pili ulidai aliondoka kwa hiari yake. Kwenye daftari la pili la chama, katikati ya marejesho ya mikopo, mmeandikwa kwamba tumekubaliana kumnunulia mwenzetu godoro kwa sababu baba yake amemtoa nje na nguo alizovaa. Tarehe iko. Chini yake kuna deni la mandazi. Mstari ule haukuandikwa kwa ajili ya mahakama, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kusema umetungwa.

Alikuja mama mmoja, miezi minne baada ya kumzika bintiye. Hakubaliani nasi. Bado anasema "hayo mambo yenu". Lakini nyumbani kwake vitu vyote vya binti vilichomwa na wajomba, na alikuwa amesikia kwamba binti alikuwa mweka hazina wetu. Nikampa daftari. Alifuata safu za nambari kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasema, "Kumbe aliendelea kuandika vizuri." Alirudi tena wiki iliyofuata.

Na alikuja mwenzetu mmoja kuchukua picha yake. Anaolewa, kanisani, na hataki ipatikane. Hatukumuuliza chochote. Aliitoa kwenye albamu mwenyewe, akaweka mfukoni, tukamalizia chai. Nafasi yake imeachwa wazi, na hakuna atakayeandika pale nani alikuwa.

Hao ndio wasomaji. Hakuna hata mmoja wao angefungua seva, na wa mwisho asingejua amwombe nani.

Utaniambia: dada, una wazimu, sanduku chini ya kitanda ni hatari. Nakubali hatari ipo. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala, lililojiita Rolling Stone, lilichapisha majina na picha za watu na kutaka wanyongwe. David Kato alikuwa miongoni mwao. Januari 2011 aliuawa nyumbani kwake. Sihitaji kufundishwa kwamba orodha inaweza kuua. Lakini angalia vizuri kilichokuwa kwenye lile gazeti: jina, uso, mahali anapoishi. Hicho ndicho hasa fomu nyingi za mashirika hukusanya, na hukikusanya mahali pamoja, kwenye laptopu moja ya afisa anayepanda basi. Hatari haipimwi kwa umbali kutoka Kisumu. Inapimwa kwa kilichoandikwa, kilichoandikwa pamoja na nini, na nani ana ufunguo.

Madaftari yetu hayana majina ya vitambulisho. Yana majina ya utani, na wanaoyajua ni wale wanaopaswa kuyajua. Wenye funguo ni wawili na hawaishi nyumba moja. Picha huingia kwa ridhaa ya waliomo, na hutoka siku yoyote wanayotaka. Tumelijifunza hilo kutoka kwenye chama, ambapo mtu akitaka kujitoa hurudishiwa akiba yake. Na ajabu ni kwamba sheria ya nchi inatuunga mkono. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Nchi yenye kifungu cha 162 mkono wa kushoto ina sheria hii mkono wa kulia. Basi tuitumie, na tuanze kwa kuidai kutoka kwa marafiki zetu kabla ya kuidai kwa serikali.

Wengine husema tungoje sheria ibadilike ndipo tufungue makavazi ya maana. Wanatoa mfano wa Johannesburg, ambapo hifadhi ya GALA ilianzishwa mwaka 1997, katiba ya kule ikiwa tayari inawalinda. Sawa. Lakini Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kufuta vifungu vyetu, na tangu siku hiyo nimekwenda matanga matano. Watu hawafi kwa kufuata ratiba ya mahakama. Na tumeshaona kinachotokea tukitegemea milango ya serikali: kundi la Nest lilikusanya simulizi za watu kuchu kutoka pande mbalimbali za Kenya, likazigeuza filamu, Stories of Our Lives, na mwaka 2014 bodi ya filamu ikaipiga marufuku. Ilionyeshwa Toronto na Berlin. Mkaazi wa Berlin alikata tiketi akatazama maisha yetu, na mkaazi wa Kondele akakatazwa. Walioitengeneza hawana kosa. Lakini somo ni lipi? Kwamba kilicho kidogo, cha karatasi, kinachopita mkono kwa mkono, kinachosomwa sebuleni na watu sita, ni vigumu sana kukipiga marufuku.

Kwa hiyo nina madai, na nayaelekeza kwa wale wanaosema wanatupenda. Kwanza, asiondoke mtu Kisumu, Homa Bay, Siaya wala Migori na sauti ya mtu kabla hajaacha nakala kwa mwenye sauti, katika kitu anachoweza kukifungua kwa simu yake. Pili, ridhaa isiwe sahihi ya siku moja baada ya chai. Mtu aambiwe kila mwaka kitu chake kiko wapi na kama bado anataka kiwe huko. Tatu, katika kila bajeti ya kukusanya simulizi kuwe na pesa ya kabati la chuma, ya rafu iliyoinuliwa juu ya maji, na ya mshahara wa anayetunza, manake hadi sasa kazi hii inafanywa bure na wanawake wanaouza nguo za mitumba mchana. Nne, andikeni kwa lugha tunayogombania. Mapenzi yangu yalianza kwa Dholuo na kuvunjika kwa Kiswahili. Sijawahi kuishi hata dakika moja kama mhojiwa. Tano, msitafute vidonda tu. Tuulizeni nani alipika, nani alikuwa na deni, nani alikuwa hodari wa kucheza ohangla.

Na kwa wenzangu wa vikundi vya wanawake, nyinyi mnaomtaja Grace Onyango kila Machi: mna madaftari pia, na ndani yake tumo. Tulikuwa makatibu wenu. Tulibeba viti. Msitukate kwenye picha.

Kwako wewe unayesoma hii ukiwa na kitu nyumbani: usikichome. Ukiogopa, kata jina, acha tarehe. Andika nyuma ya picha mahali ilipopigwa na mlikuwa mnacheka nini. Weka kwenye nailoni, uiweke juu, mbali na maji na mchwa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini iko wapi. Na mtu akija na fomu na kinasa sauti, mkaribishe, mpe maji ya kunywa, kisha muulize kabla hajakuuliza: nakala yangu nitaipata lini, na nani atakuwa na ufunguo?